Kungoja Kituo

Jioni moja ya mwezi wa Julai, kwenye baraza ya kahawa pale Mikindani, watu walikuwa wakibishana juu ya neno matlai. Mmoja alisema ni upepo wa alfajiri. Mwingine akakataa, akasema ni jina la zamani la kusi, na kwamba vijana wa siku hizi wamelichanganya. Wa tatu hakuwa na hakika na lolote, ila sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni, kikombe mkononi, na jibu nilikuwa nalo. Babu yangu alikuwa mvuvi. Kwake matlai ulikuwa upepo utokao mashariki, upande wa bahari, na jina lenyewe lina asili ya Kiarabu, la mahali jua linapochomoza. Kwa hiyo yule wa alfajiri hakuwa mbali sana na shabaha.

Sentensi yangu ilikuwa tayari, imepangwa, haina doa. Nikangoja wa kwanza amalize. Kabla hajamaliza, wa pili alikwisha kudakia. Nikamngoja wa pili. Wa tatu akampandia juu. Waliposhusha pumzi wote kwa pamoja, nami nikafumbua mdomo, mtu akauliza kama mgao wa salfa ya mikorosho umeshafika, na upepo wa mashariki ukaachwa hapo. Nilirudi nyumbani na matlai yangu.

Ndugu msomaji, hayo si mambo ya kumliza mtu. Nimerudi nyumbani na maneno ya namna hiyo mara nyingi kiasi kwamba ningeyaandika yote yangetosha kitabu. Tena si mtu wa kuogopa maneno: nayapenda, nayahesabu, nalala nayo. Ila ipo siku ambayo sentensi iliyobaki mdomoni haikuwa ya upepo, nayo ndiyo inayonifanya niandike leo.

Kwanza niseme kidogo juu ya lugha yenyewe, maana ndiyo inayotukusanya hapa. Tazama Kiswahili kilivyo tajiri upande wa wasemao. Tunapayuka, tunaropoka, tunabwata, tunabwabwaja, tunadakia; tunapiga soga, porojo, gumzo na domo. Mwenye ulimi mwepesi ana jina lake, mlimi. Upande wa pili tuna kunyamaza, kuwa kimya, na kufyata, na huko kufyata kwenyewe tunakutumia vilevile kwa mbwa na mkia wake. Tuna pia kukata kalima. Anayesema "nisikukate kalima" mara nyingi kisu chake kimekwisha kupita.

Neno ninalolipenda kuliko yote katika mlango huu ni kupokezana. Lifungue uone: pokea, pokeza, pokezana. Ndani yake mna mtu anayetoa na mtu anayepokea, kisha mambo yanageuka. Wapakuzi wa shehena hupokezana magunia, waimbaji hupokezana kiitikio. Hakuna kunyang'anyana ndani ya neno hilo. Mazungumzo, tunavyofundishwa, ni kupokezana maneno. Lakini mtu utapokezana vipi na asiyetoa?

Mwaka 2009 kundi la wanaisimu lilichapisha utafiti wa lugha 10 zilizotawanyika duniani, Kijapani na Kideni zikiwemo, na moja ya Wasan wa Namibia. Walipima muda unaopita kati ya swali la ndiyo au hapana na jibu lake. Wastani ulikuwa kama sehemu 200 za elfu za sekunde, yaani karibu na muda wa kupepesa jicho, na lugha zote zilikaribiana. Kiswahili hakikuwamo, lakini sidhani kama baraza ya Mikindani ingewashangaza. Jambo lililonigusa ni hesabu ya pili: kuandaa neno moja tu kichwani, hadi litamkwe, huchukua takriban sehemu 600. Maana yake ni kwamba anayejibu kwa wakati huwa ameanza kuandaa jibu lake wakati mwenzake angali anasema. Amekisia mwisho kabla mwisho haujafika.

Niliposoma hayo nilijifahamu. Mimi sikisii mwisho. Mimi nausubiri ufike, nauona, ndipo naanza kupanga la kwangu. Kwa watu wenye pumzi ndefu na adabu ya kushuka, njia hiyo inatosha. Kwa wengine, ninapofika mlangoni mlango umeshafungwa.

Nadhani nilifundishwa hivyo na bibi yangu, mzaa mama, ingawa yeye hakukusudia kunifundisha ububu. Kijiji chake kiko kusini ya mji wa Mtwara, kwenye njia ya kwenda Msimbati, si mbali na mikoko ya mlango wa mto Ruvuma. Alisema Kimaraba, Chimakonde cha watu wa pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimevaa nguo za Chimakonde. Wajuzi wa lugha hiyo watakuelezeni kwa ufasaha kuliko mimi: katika Chimakonde silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa pale fungu la maneno linapoishia. Si kila neno, kama mkazo wetu wa Kiswahili. Ni mwisho wa fungu. Anayesikiliza anasikia mahali ambapo msemaji ametua mzigo. Bibi alivuta silabi hiyo hata akisema Kiswahili, na sisi wajukuu tukajua: hapa ametua, sasa unaweza kuingia.

Jioni alitutegea vitendawili. Nimefikiri sana juu ya desturi hiyo, maana naona ndani yake kuna hekima ambayo hatuitaji tunapowafundisha watoto shuleni. Mtu husema "Kitendawili!", kisha ananyamaza. Hawezi kuendelea mpaka wenzake waseme "Tega!" Wakishasema, wamefungwa: hawawezi tena kumkatiza, wamempa uwanja kwa kauli yao wenyewe. Wakishindwa kufumbua, mtegaji anadai mji, nao lazima wampe. Tulimpa Newala, tulimpa Lindi, siku nyingine tulimpa Palma ya ng'ambo ya mto, akaenda huko, akala, akafurahi, akarudi na jibu. Mdogo kuliko wote alikuwa na haki ya kusema "Kitendawili!" na watu wazima wakaitika. Mimi, niliyekuwa sisemi mchana kutwa, nilikuwa mtegaji hodari. Bibi alinicheka: mtoto huyu hana maneno mpaka apewe mji.

Katika nyumba hiyo aliishi mama mmoja ambaye sisi watoto tulimwita mama wa ng'ambo. Alivuka Ruvuma akiwa msichana, katika vita ya ukombozi wa Msumbiji ambayo FRELIMO ilianza kuipigana mwaka 1964, wakati Wamakonde wengi wa Cabo Delgado walipokimbilia upande huu. Wenzake wengi walirejea baada ya uhuru wao wa 1975. Yeye alibaki. Hakuwa ndugu yetu wa damu wala hakuolewa katika ukoo. Alikuwa tu mtu wa nyumbani kwa bibi, kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Chimakonde chake kilikuwa cha upande wa pili, Kiswahili chake kilikuwa kichache, na mbele ya wageni alikuwa mkimya kunishinda. Bibi alipougua, yeye ndiye aliyemgeuza kitandani, aliyemwosha na kumlisha uji.

Mchana mmoja, wiki chache kabla ya kufariki, bibi aliniita. Mama wa ng'ambo alikuwa ameenda kuchota maji. Bibi akasema: mikorosho mitatu ya ukingoni, ile inayotazama bondeni, ni ya huyu mama. Ni yeye aliyeipanda. Wanangu wanajua shamba ni langu, lakini hiyo mitatu wameisahau. Utawaambia. Nikasema, "Nitawaambia, bibi." Akavuta silabi yake, akafumba macho.

Kwa msomaji asiye wa pwani niongeze kwamba kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mikorosho mitatu si utajiri. Lakini kwa mtu asiye na shamba, mitatu iliyokomaa, ikipuliziwa salfa kwa wakati ili ubwiriunga usile maua, ni sukari, sabuni, kanga mbili na nauli ya hospitali. Ni jambo la kumfanya mtu asiwe mwombaji katika nyumba aliyoitumikia.

Bibi alifariki. Siku ya tatu, baada ya khitma, wakati wa kuanua matanga, ukoo ulikaa uani chini ya mwembe. Wanaume kwenye mikeka, wanawake kibarazani. Mjomba wangu mkubwa alifungua kikao. Sina budi kumweleza mjomba huyu kwa haki, kwa sababu nilimwonea kichwani mwangu kwa siku nyingi. Ni mtu wa watu. Akiingia mahali, mahali pana mwanga. Anajua habari za kila nyumba kuanzia Mikindani hadi Kilambo, na kila habari ina mkia, na mkia una habari yake. Siku hiyo alisema juu ya mama yake, juu ya msiba wa mwaka wa mafuriko, juu ya deni la dukani, juu ya sanda na nani aliinunua. Mjomba wa pili akapokea bila yeye kutoa. Binamu mmoja aliyetoka Dar es Salaam akaeleza utaratibu wa mirathi mahakamani, ambao hakuna aliyemwuliza. Wakarudi kwenye shamba. Shamba likagawanywa kwa maneno, mstari kwa mstari, na mstari wa ukingoni ukaangukia fungu la mjomba wa pili.

Nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwao. Sentensi yangu ilikuwa tayari tangu usiku uliopita. Nilikuwa nimeifupisha ili isimchoshe mtu: "Bibi aliniambia mitatu ya ukingoni ni ya mama huyu." Maneno tisa. Nikasikiliza mahali pa kuyaweka. Nilisikiliza kwa makini kweli, kama mtu anayengoja kuvuka barabara, na kila lilipopita gari moja niliona jingine linakuja. Mara moja palitokea kimya, nadhani cha sekunde nzima. Nikavuta pumzi. Mjomba akasema, "Na jambo jingine." Mara moja tu niliinua macho kibarazani, nikaona mama wa ng'ambo ananitazama. Nilidhani ni kwa bahati, watu hutazamana. Kisha sheikh akainua viganja, fatiha ikasomwa, na vijana wakaanza kukunja mikeka.

Wako watakaosema: ungekohoa, ungeinua mkono, ungesimama. Nawajua, na nawaheshimu, lakini "sema tu" ni dawa inayotolewa na asiyeujua ugonjwa. Mtu anayeogopa maji haponi kwa kuambiwa "ogelea tu". Tena pana adabu ndani yake. Mimi ni mpwa, wale ni wajomba, na katika ukoo wetu unaohesabiwa kwa upande wa mama, mjomba si mtu wa kukatizwa kalima na mtoto wa dada yake siku ya tatu ya msiba. Nililelewa kujua hivyo. Ila nisijifiche nyuma ya adabu: bibi hakuniusia adabu, aliniusia maneno tisa.

Usiku ule sikulala. Niliwasha taa ya simu, nikaandika ubeti mmoja, nao huu hapa, na kasoro zake zote:

Nilikaa barazani, maneno yamiminika,
Langu lipo mdomoni, lango halikufunguka,
Ningoje kituo gani, kikao chamalizika?
Amana i kifuani, mwenyewe ameondoka.

Nilipofika mshororo wa tatu nikasita juu ya neno kituo. Sisi watunzi tunauita hivyo mshororo wa mwisho wa ubeti. Wengine husema kiishio, na kama unarudiwa tunauita kipokeo, kwa sababu wenzako wanaupokea. Mtunzi ambaye beti zake hazina kituo tunamkosoa hadharani. Ndipo nilipoona kwa nini maisha yangu yote nimekuwa hodari kwenye karatasi na bubu mkekani. Ushairi wetu una milango. Mizani ikitimia umemaliza, na kila mtu amesikia kwamba umemaliza.

Na hilo ni la tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilikuwa na uhasama wa damu. Matusi yalivuka bahari, lakini yalivuka yakiwa mazima, ubeti baada ya ubeti. Anayejibu alibidi alipokee shairi lote ndipo alipize. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilileta malumbano hayo hadi kwa karani na mwalimu wa shule aliye mbali na pwani. Mtu wa Tabora alituma shairi, mtu wa Tanga akalisoma toleo lilipomfikia, akajibu. Hakuna aliyeweza kudakia ubeti ukiwa nusu. Mathias Mnyampala naye, katika Ngonjera za UKUTA za mwaka 1970, aliwasimamisha wasemaji jukwaani wapeane zamu kwa beti. Huwa tunazisifu ngonjera kwa mafunzo yake, na mengine yamechuja, kusema kweli. Mimi nazisifu kwa kuwa kila msemaji ndani yake anafika mwisho.

Nimeshasikia washairi wakiusifu ukimya. Methali ziko upande wao: kimya kingi kina mshindo mkuu, debe tupu haliachi kuvuma, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilizikariri nikiwa mtoto, na zilinifariji, kwa kuwa zilinifanya nijione mwenye hekima badala ya mwoga. Siku ile zilikuwa uongo. Kimya changu hakikuwa na mshindo wowote. Mjomba wangu hakuwa debe tupu, alikuwa mtu aliyefiwa na mama. Na kuhusu dole na ulimi, aliyejikwaa hakuwa mimi.

Zilipita wiki tatu kabla sijafanya jambo. Nilinakili ubeti ule kwenye karatasi safi, chini yake nikaandika kwa nathari mambo yote aliyosema bibi, siku na saa, nikaenda nyumbani kwa mjomba mkubwa. Nilimkuta anatengeneza bomba la kupulizia salfa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mpwa wangu, karibu, umekuja na jua hili, hebu kaa, unajua hili bomba..." na kadhalika, kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Sikungoja kituo. Niliinyosha karatasi, nikaishika mbele yake hewani mpaka akaipokea.

Akasoma. Alirudia kusoma. Lilikuwa jambo geni kumsikia mjomba hasemi. Kisha akaniuliza, "Mbona hukusema siku ile?"

"Sikupata nafasi, mjomba."

"Nafasi gani? Watu wote walikuwa kimya, ni mimi tu niliyekuwa nahangaika!"

Sikujibu. Akaendelea, taratibu sasa: "Mimi nikiona watu wamekaa kimya, naona shimo. Naogopa mtu atatumbukia. Siku ile niliona mashimo kila mahali, nikawa nayajaza. Nilidhani wewe huna neno."

Sikuwahi kufikiri hivyo. Kwa miaka yote nilidhani wasemaji wananinyima uwanja kwa makusudi, au kwa kiburi, au angalau kwa raha. Sikujua kwamba kuna mtu anayesema kama anayefukia shimo, kwa hofu, huku macho yake yakinitafuta mimi nimsaidie. Kimya changu alikisoma kuwa utupu, na usemi wake niliusoma kuwa ukuta. Tulikuwa tumekaa hatua tano, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Akanirudishia karatasi. Nilitaraji aseme ataliweka sawa mwenyewe. Hapana. "Siku ya arobaini utasema wewe," akasema. "Wasia ulipewa wewe. Mimi nitakufungulia tu."

Siku ya arobaini watu walikaa mahali palepale, chini ya mwembe uleule. Safari hii aliyeandaliwa kusimamia mazungumzo alikuwa mwalimu wa madrasa. Baada ya dua mjomba mkubwa akasema maneno matatu, ambayo nadhani ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa: "Mpwa ana neno." Akanyamaza. Niliiona mishipa ya shingo yake. Alikuwa anafanya kazi ngumu. Sauti yangu ilitetemeka. Nilisema nilichoambiwa, mchana gani, nani alikuwa wapi. Binamu wa Dar es Salaam akataka kuingilia na sheria. Mjomba akainua kiganja bila kumtazama. Nilimaliza. Na niseme ukweli wa mtunzi: nilivuta silabi ya pili kutoka mwisho, kama bibi, ili wajue nimetua.

Mwalimu akaeleza kwamba mtu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa asiye mrithi, na mikorosho mitatu haifiki huko, lakini wasia unataka mashahidi, na shahidi mmoja, tena mjukuu, hatoshi. Warithi, hata hivyo, wakiridhia wanaweza kutoa wenyewe. Wakatazamana. Mjomba wa pili akainamisha kichwa. Akasema anaridhia, ila mti ule mkubwa, wa kwanza kutoka njiani, alikwisha kuuweka rehani kwa msimu huu kwa ajili ya ada ya mtoto, wiki mbili zilizopita, na fedha imeshatumika. Mavuno yake yatakuwa ya mtu mwingine mpaka rehani ikombolewe.

Wiki mbili zilizopita. Nilihesabu. Siku ile nilikuwa nayo karatasi, imekunjwa, ndani ya kitabu.

Kwa hiyo miwili ilikabidhiwa papo hapo, na wa tatu kwa ahadi. Watu walipoinuka kwenda kula nilimfuata mama wa ng'ambo jikoni, nikamkuta anaosha sahani kama kwamba habari zile zilimhusu mtu mwingine. Nikamwomba radhi kwa kuchelewa. Nikamweleza kwamba bibi aliniambia yeye akiwa kisimani, na kwamba pengine hakuwa anajua.

"Nilijua," akasema. "Aliniambia na mimi."

"Ulijua? Siku ya tatu ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema, mama?"

Akaifuta sahani, akaiweka juu ya nyingine. "Mimi mtu wa ng'ambo," akasema. "Wewe ndiye mjukuu. Nilikutazama."

Sina la kuongeza juu ya hapo.

Jioni nilirudi na mjomba kwa gari la abiria. Alikaa dirishani, mimi kando yake. Tuliipita mikorosho, tukapita watoto wanaouza ming'oko njiani, naye hakusema neno. Nilimwona anapiga magoti yake kwa vidole. Tulipofika Madimba, karibu na mitambo ya gesi, akanigeukia.

"Mpwa, una neno jingine?"

"Sina, mjomba."

Akashusha pumzi, akaanza.